Paa Moja au Mapaa Mawili? Maoni kuhusu Ulinganisho wa Mbinu za Kugawa Picha na Video, kwa Mfano wa Kewanja

Utangulizi

Katika taaluma ya isimu, swali la mahali kinapoishia kipande kimoja na kuanzia kingine si geni. Mwanafunzi wa fonolojia hufundishwa kwamba neno ni mfuatano wa vipande sauti. Kisha huonyeshwa mchoro wa mawimbi ya sauti ya neno hilohilo, akagundua kwamba mawimbi hayana mipaka: vipande vimo katika sarufi ya msemaji, wala si katika hewa inayotikisika. Wanamofolojia nao wamebishana miaka mingi juu ya mahali panapostahili kukatwa kitenzi. Mjadala wa aina hiyohiyo unaendelea sasa katika taaluma ya kompyuta, ambako kinachokatwa si sauti bali picha. La kusikitisha ni kwamba wataalamu wa Kiswahili wameuacha mjadala huo kwa wahandisi kana kwamba hauwahusu.

Makala haya yanatetea hoja kwamba ulinganisho wa mbinu za kugawa picha na video, kama unavyofanywa aghalabu kwa kutumia alama moja ya usahihi, huficha swali la msingi, yaani ni kitu gani kihesabiwe kuwa kimoja. Swali hilo ni la maana kabla ya kuwa la hesabu. Mahali panapolidhihirisha vizuri ni Kewanja, katika eneo la Nyamongo, Wilaya ya Tarime. Kewanja inapakana na Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kusini mwake hupita Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti. Mto huohuo, kabla ya kufika huko, hupita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali ambapo nyumbu huvuka kila mwaka kwenda Maasai Mara na kurudi. Kwa hiyo satelaiti na ndege zinazoipiga picha sehemu hii ya nchi hutafutiwa vitu vya namna mbili zilizo mbali kabisa: mashimo, mapaa na mashamba kwa upande mmoja, na wanyama kwa upande mwingine. Mbinu zinazotumika kuvitafuta ni zilezile.

Kutaja, kugawa na kutenga

Picha katika kompyuta ni jedwali la namba. Kila kidoti chake, yaani pikseli, hubeba kiasi fulani cha mwangaza au rangi, na hakuna pikseli inayojua kwamba imo ndani ya paa au ndani ya mwili wa nyumbu. Kazi ya kulipa jedwali hilo maana hufanywa kwa namna kadhaa ambazo Kiswahili cha vyuoni kimezoea kuzifunika zote kwa jina la uchanganuzi wa picha, ilhali ni kazi zisizofanana.

Iliyo nyepesi ni kutaja. Mashine huulizwa mna nini katika picha hii, nayo hujibu kwa jina. Mfano ulio karibu ni mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza mwaka 2010 kwa kutega kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125 ndani ya hifadhi. Mwaka 2018 Norouzzadeh na wenzake walitangaza matokeo ya mashine iliyofunzwa kwa hazina ya picha milioni 3.2 za mradi huo. Mashine hiyo ilitambua wanyama wa aina 48 kwa usahihi unaozidi asilimia 93. Hayo ni mafanikio makubwa, hasa ikikumbukwa kwamba picha nyingi za kamera hizo hazikuwa na mnyama yeyote. Hata hivyo, mashine ya kutaja haisemi mnyama yuko upande gani wa picha, wala mwili wake unaishia wapi.

Kugawa ni kazi nyingine. Hapa kila pikseli hupewa jina la kundi lake: hii ni ya paa, hii ni ya shamba, hii ni ya maji. Kutenga ni kazi nyingine tena, kwa kuwa pikseli za paa hazitoshi kuitwa za paa. Sharti zigawiwe kati ya paa hili na paa lile. Mbinu ya kugawa ikikuta nyumba mbili zilizogusana itazipaka rangi moja zikawa doa moja, na kwa kazi iliyopewa haikukosea lolote. Mbinu ya kutenga ikifanya hivyo imekosea kabisa.

Mwaka 2019 Kirillov na wenzake walipendekeza kazi inayounganisha kugawa na kutenga. Katika kufanya hivyo walitofautisha vitu vinavyohesabika, kama watu na magari, na vile visivyohesabika, kama anga na nyasi. Msomi wa sarufi ya Kiswahili hataona ugeni wowote hapo, maana amezoea kwamba maji na mchanga havihesabiki mpaka vitiwe ndani ya chombo. Kwa hakika lugha hii ina jambo la kuongeza. Neno nyumbu halibadiliki likiwa la mmoja au la wengi. Anayesema nyumbu bila upatanishi hajasema idadi, mpaka aseme nyumbu amevuka au nyumbu wamevuka. Picha iliyogawiwa bila kutengwa ni kama nomino hiyo isiyo na upatanishi. Neno paa lina utata zaidi: paa lililoezuliwa ni la nyumba na paa aliyekimbia ni wa porini, na tofauti haimo katika neno lenyewe bali katika yale yanayolizunguka. Pikseli nayo ni hivyohivyo. Peke yake haina maana, ni majirani zake wanaoipa.

Kutoka kwenye kizingiti hadi kwenye mtandao wa neva

Mbinu iliyo nyepesi kuliko zote za kugawa ni ile ya kizingiti. Otsu aliipa msingi madhubuti wa kihesabu mwaka 1979: mashine hutafuta kiwango cha mwangaza kinachozigawa pikseli katika makundi mawili yaliyo mbalimbali kadiri inavyowezekana, kisha zilizo juu ya kiwango huitwa kitu na zilizo chini huitwa mandharinyuma. Haihitaji mafunzo wala kompyuta yenye nguvu, na mwanafunzi anaweza kuiandika kwa mistari michache ya programu.

Tatizo lake kwa mahali kama Kewanja linagusa jamii moja kwa moja. Bati jipya hung'aa juani na kizingiti hulikamata mara moja. Paa la nyasi lina rangi ya nyasi na udongo unaolizunguka, hivyo kizingiti hulipita bila kuliona. Wakati huohuo mawe yaliyopasuliwa na kumwagwa nje ya shimo la mgodi, yale ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huyaita magwangala, yanaweza kung'aa kama bati. Mbinu hiyo basi inaweza kumhesabu mwenye uwezo, ikamwacha fukara, na ikalipa rundo la mawe hadhi ya makazi. Anayeitetea kwa wepesi wake hana budi kujibu kwanza suala hilo.

Mbinu ya mabonde, iliyotolewa na Beucher na Lantuéjoul nchini Ufaransa mwaka huohuo wa 1979, huitazama picha kana kwamba ni nchi ya vilima. Penye mabadiliko makali ya mwangaza ni mlima. Penye utulivu ni bonde. Maji hufikiriwa kujaa kuanzia mabondeni, na pale maji ya mabonde mawili yanapokutana huchorwa mpaka. Kwa kutenga vitu vilivyogusana mbinu hiyo ni bora kuliko kizingiti. Kasoro yake ni kukata mno: shamba moja lenye mihogo, mahindi na mti wa kivuli hutoka likiwa vipande vingi, kila kimoja na mpaka wake. Kass, Witkin na Terzopoulos walipoleta mwaka 1988 mstari unaonyumbulika na kuukumbatia ukingo wa kitu, waliiondoa sehemu ya kasoro hiyo, ila kwa sharti kwamba mtu auweke mstari karibu na mahali pake kwanza.

Mbinu hizo za zamani zina sifa moja inayopuuzwa siku hizi, nayo ni kwamba zinaelezeka. Mwenye shamba akiuliza kwa nini mpaka umepita hapa, mtaalamu anaweza kumjibu kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mwangaza ulibadilika hapa. Mbinu za kizazi kilichofuata hazina jibu jepesi kiasi hicho.

Kizazi hicho ni cha mitandao ya neva, na kwa habari ya kugawa mtandao uliotumiwa sana ni U-Net, uliobuniwa na Ronneberger, Fischer na Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg mwaka 2015. Haukubuniwa kwa ajili ya ardhi wala wanyama, bali kwa ajili ya seli zinazoonekana kwa hadubini. Mkono mmoja wa mtandao huisinyaza picha hatua kwa hatua ili kuelewa mazingira ya kila sehemu. Mkono wa pili huirudisha katika ukubwa wake, ukipokea kutoka mkono wa kwanza habari za mahali ili mipaka isipotee. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni uamuzi mdogo ambao wasomaji wengi huupita haraka. Wabunifu hao walitambua kwamba kosa la mpakani si sawa na kosa la katikati. Kwa hiyo, katika mafunzo, pikseli zilizo kati ya seli mbili zilizogusana walizipa uzito mkubwa kuliko nyingine. Kwa maneno mengine, waliiambia mashine mapema ni kosa gani linaloumiza. Miaka miwili baadaye He na wenzake walileta Mask R-CNN, ambayo hufuata njia nyingine: kwanza huzingira kila kitu kwa kisanduku, kisha ndani ya kisanduku huchora umbo. Kutenga ndiko kunakotangulia.

Aprili 2023 kampuni ya Meta ilitoa zana iitwayo SAM, iliyofunzwa kwa picha milioni 11 na maumbo zaidi ya bilioni moja. Wapo wanaodai kwamba tangu hapo mjadala wa kulinganisha mbinu umekwisha, kwa kuwa zana hiyo hukata chochote inachoonyeshwa. Madai hayo hayana msingi, na ushahidi umo ndani ya zana yenyewe. Mtumiaji akiweka alama moja tu juu ya picha, SAM haimpi umbo moja. Humpa matatu, kwa sababu wabunifu wake waliona kwamba alama moja ina maana zaidi ya moja. Alama iliyowekwa juu ya bati huko Kewanja inaweza kumaanisha bati hilo, au paa lote, au boma zima lenye nyumba kadhaa za kaya moja. Mashine iliyofunzwa kwa maumbo bilioni moja imekiri kwamba haijui kitu kimoja ni kipi. Anayeamua ni anayeuliza.

Kuna jambo jingine kuhusu SAM linalostahili kujulikana zaidi Afrika Mashariki. Kwa mujibu wa maelezo ya watunzi wake, watu waliofanya kazi ya kuchora na kusahihisha maumbo ya kuifunza walikuwa 130, na wote walikuwa Kenya. Watunzi hao waliandika pia kwamba hawaamini kuwa mazingira ya kijamii ya wachoraji yaliathiri kazi kwa kiasi cha maana. Labda ni kweli kwa gari na kikombe. Je, ni kweli kwa boma, kwa shamba lililopakana na shamba la ndugu, kwa njia ya ng'ombe inayopita kati ya miji miwili? Wanaisimu wa chuo chochote cha ukanda huu wangeweza kulifanyia utafiti swali hilo kwa gharama ndogo, na inashangaza kwamba limeachwa kuwa imani ya upande mmoja.

Udanganyifu wa alama moja

Mbinu zikishindanishwa, kila moja hupewa alama, na yenye alama kubwa husemwa imeshinda. Alama nyepesi kuliko zote ni asilimia ya pikseli zilizopewa jina sahihi. Ichukuliwe picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000, ambayo kila pikseli yake ni nusu meta. Hiyo ni nchi ya meta 500 kwa 500. Tuseme ndani yake mna nyumba 50, kila moja ikiwa na paa la meta tano kwa tano, yaani pikseli 100. Mapaa yote kwa pamoja ni pikseli 5,000 kati ya milioni moja. Mashine isiyoona nyumba hata moja, iliyoipaka picha yote rangi ya ardhi tupu, itapata usahihi wa asilimia 99.5. Kaya hamsini zimefutwa, na alama inasema kazi ni nzuri.

Ndiyo maana wataalamu hupendelea kipimo cha Jaccard, mwanabotania wa Uswisi aliyekitoa mwaka 1901 akilinganisha mimea ya milimani. Eneo ambalo mashine na mchoraji wamekubaliana hugawanywa kwa jumla ya eneo lililotajwa na yeyote kati yao. Kipimo hiki kina haki zaidi, lakini nacho kina upande wake. Mashine ikichora kila ukingo pikseli moja ndani ya mahali pake, paa la pikseli 10 kwa 10 litabaki 8 kwa 8, na alama yake itashuka hadi 0.64. Shimo la mgodi la pikseli 1,000 kwa 1,000 likikosewa vivyo hivyo litabaki na alama ya 0.996. Kosa ni lilelile la nusu meta. Kwa mgodi si kitu; kwa mwenye nyumba ni zaidi ya theluthi ya paa lake. Anayechanganya vyote viwili na kutoa wastani amempa mwenye shimo nafasi ya kumsemea mwenye nyumba.

Kuna pia suala la picha zenyewe. Picha za satelaiti za Sentinel-2, zilizoanza kupatikana mwaka 2015, hutolewa bure kwa kila mtu, lakini pikseli yake iliyo ndogo kabisa ni ya meta kumi. Nyumba ya meta tano haijazi pikseli hata moja. Shimo la mgodi huonekana vizuri. Anayetaka kuiona nyumba hana budi kununua picha za makampuni. Kwa hiyo, kabla mbinu yoyote haijachaguliwa, bei ya picha imekwisha kuamua nani ataonekana. Maus na wenzake, walipochora kwa mkono maeneo ya machimbo ya dunia nzima na kuyatangaza mwaka 2020, walitegemea picha za namna hiyo. Shimo, rundo la mawe, bwawa la mabaki na mitambo viliingia katika umbo moja. Kwa lengo lao lilikuwa sahihi. Kwa mwenye ng'ombe wa Kewanja, bwawa la mabaki na shimo ni vitu viwili.

Nyumbu na maana ya kukubaliana

Upande wa hifadhi mambo hugeuka. Kwa miongo kadhaa idadi ya nyumbu wahamao wa Serengeti na Maasai Mara imetajwa kuwa kama milioni 1.3. Takwimu hiyo ilitokana na ndege zilizopita juu ya mbuga kwa mistari zikipiga picha. Watu wakahesabu wanyama picha kwa picha, na jumla ikakuzwa kihesabu ili iwakilishe eneo lote. Mwaka 2019 Torney na wenzake walilinganisha, kwa picha za ndege zilizopigwa Serengeti, hesabu ya mashine ya YOLO na hesabu ya watu waliojitolea kupitia intaneti. Ikaonekana kwamba mashine inaweza kuhesabu kama watu. Mwaka 2023 Wu na wenzake walitumia U-Net kwa picha za satelaiti zenye pikseli ya sentimeta 38 hadi 50 na kupata karibu nyumbu na punda milia 500,000. Mwaka 2025 Duporge na wenzake walizipitisha picha za satelaiti za Agosti 2022 na Agosti 2023 katika mbinu mbili, U-Net inayogawa pikseli na YOLO inayozingira kwa kisanduku. Kwa mbinu zote mbili idadi haikufika 600,000 katika mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Matokeo hayo yamezua mabishano, na ni haki yazue, kwa kuwa ni chini ya nusu ya idadi iliyozoeleka. Hapa kinachohusu ni jinsi ulinganisho wenyewe ulivyotumika. Mbinu mbili zenye makosa ya aina tofauti zilipewa picha ileile, zikakubaliana kwa karibu. Hiyo ni sababu nzuri ya kuamini kwamba tofauti kubwa na hesabu za zamani haikutokana na ukataji. Lakini makubaliano hayo hayawezi kufichua kasoro ya picha yenyewe. Nyumbu aliyejificha chini ya mti hayumo katika picha. Haonekani kwa U-Net wala kwa YOLO, na kundi lililokuwa nje ya eneo lililopigwa halipo kwa mbinu yoyote. Mashahidi wawili waliotazama kupitia tundu moja la ukuta ni afadhali kuliko mmoja, ila hawawezi kueleza yaliyo nje ya tundu.

Izingatiwe pia kwamba nyumbu katika picha ya satelaiti ni pikseli chache tu. Kumchorea mpaka hakuna faida. Alama moja juu yake inatosha, kwa kuwa anayeuliza anataka idadi, si umbo. Paa la Kewanja likiwekewa alama moja halijasemwa, maana fidia hulipwa kwa ukubwa, kwa vifaa na kwa hali. Mbinu iliyo bora kaskazini mwa hifadhi inaweza basi kuwa duni huko Nyamongo, ingawa kati yake kuna mwendo wa kilometa chache na mto mmoja.

Video, wakati, na neno tegesha

Video huongeza wakati. Mbinu ya kawaida kwa kamera isiyohama ni kujifunza mandharinyuma na kuiondoa, ili kinachobaki kiwe kinachosogea. Stauffer na Grimson waliiboresha mwaka 1999 kwa kuruhusu kila pikseli kuwa na hali kadhaa za kawaida, ili tawi linalopepea lisiitwe mnyama. Hata hivyo mbinu hiyo ina fikra iliyojificha, kwamba kitu ni kile kinachosogea. Nyumbu akilala humezwa polepole na mandharinyuma, na baada ya muda huwa si kitu tena. Mbinu za mwendo, zilizoanza na kazi za Horn na Schunck na za Lucas na Kanade mwaka 1981, zina udhaifu huohuo. SAM 2, iliyotoka Julai 2024, hutumia kumbukumbu: kitu kikipita nyuma ya mti na kutokea upande wa pili, mashine hujaribu kukitambua kuwa ni kilekile. Kazi hiyo si kugawa wala kutenga, ni kuandama.

Picha za satelaiti zinazopigwa mahali pamoja mwezi hadi mwezi ni video ya mwendo wa pole. Hapo ndipo neno la Nyamongo linapoingia. Katika machimbo yale, kitenzi tegesha kimepata maana maalumu: kujenga au kupanda kwa haraka juu ya ardhi inayotarajiwa kutwaliwa na mgodi, ili fidia iongezeke. Kutokana nacho huzungumzwa nyumba za kutegesha. Kwa mhandisi wa picha, nyumba ya kutegesha ni paa kama paa lingine. Pikseli zake hazina hatia. Katika picha moja haitofautiki. Katika mfululizo wa picha inaweza kuonekana ikiota kwa wiki chache mahali palipokuwa na mtama, na mtu anaweza kuifunza mashine iyatenge mapaa yaliyoota haraka na kuyapa jina lake.

Hapa ndipo pa kusimama. Nyumba iliyojengwa haraka inaweza kuwa ya kijana aliyeoa mwezi uliopita. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Hazikusema kwamba umri wa paa angani ndio kipimo cha nia ya mwenye nyumba. Nia haimo katika pikseli, wala hakuna idadi ya picha itakayoiingiza humo. Mashine inayopewa kundi liitwalo tegesha imepewa hukumu kwa sura ya jina la kitu, na alama yake ya usahihi, hata ikiwa kubwa namna gani, itapima tu jinsi inavyokubaliana na aliyetoa hukumu hiyo mwanzoni. Makundi ya namna hiyo hayastahili kuwekwa katika orodha ya mashine yoyote. Mipaka ya paa na tarehe ya picha vinatosha; mengine ni ya mthamini anayefika uwanjani, na ya wazee wa kijiji.

Suala la istilahi

Yote hayo yanahitaji maneno. Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967 wataalamu wamegawanyika kati ya wanaotaka kutohoa na wanaotaka kuunda. Kwa uwanja huu tayari wanafunzi wanasikika wakisema segimentesheni. Kasoro ya neno hilo si ugeni wake, maana Kiswahili kimekopa mengi na kunufaika. Kasoro ni kwamba lilikotoka nako ni mwavuli unaofunika kazi zaidi ya moja, na kulitohoa ni kuukopa mwavuli pamoja na giza lililo chini yake. Kiswahili kina vitenzi vyake vya kawaida ambavyo mwanakijiji anavijua: kutaja, kugawa, kutenga, kuandama. Ugawaji wa picha uwe kuipa kila pikseli kundi. Utengaji uwe kutofautisha kimoja na kingine cha kundi hilohilo. Uandamaji uwe kukitambua kilekile katika picha zinazofuatana. Wapo watakaosema kwamba kutenga kuna maana ya kubagua, na ni kweli. Baada ya yaliyoelezwa juu ya mapaa ya nyasi, si vibaya neno likiwa na ukumbusho huo.

Kabla ya maneno hayo kuingizwa katika kamusi yanastahili kujaribiwa, na njia ya kuyajaribu si kikao cha ofisini peke yake. Wanafunzi wawili wa uzamili, mmoja wa isimu na mmoja wa kompyuta, wanaweza kuchapa kwenye karatasi picha za angani za Kewanja na kuwapa wenyeji kalamu wachore kitu kimoja kimoja na kukitaja jina, kwa Kiswahili na kwa Kikuria. Michoro hiyo ilinganishwe na yale maumbo matatu ambayo mashine huyatoa kwa alama moja. Pale ambapo mistari ya watu na ya mashine haitakutana patahitaji kupimwa peke yake, bila kuchanganywa katika wastani.